Shule Iliyozaliwa na Kikundi

Kikundi kikikaa chini kuzungumza habari ya shule, mara nyingi maneno ya kwanza huwa ni mawe, saruji, mabati na madawati. Baadaye ndipo watu huulizana walimu watatoka wapi na karo itakuwa ngapi. Kuna swali moja ambalo husahauliwa: shule hii itakuwa na kazi gani katika maisha yetu sisi tulioichangia?

Katika makala haya tunaeleza habari ya shule moja ya sekondari iliyo mbali sana na sisi, huko Brooklyn katika mji wa New York, Marekani. Inaitwa El Puente, neno la Kihispania lenye maana ya daraja. Tumeichagua kwa sababu haikuletwa na tajiri, wala serikali haikuiteremsha kutoka juu. Ilizaliwa na kikundi cha wakazi wa mtaa mmoja maskini. Kikundi hicho kilifanya kazi kwa miaka 11 kabla ya kufungua mlango wa darasa la kwanza. Kikundi kwanza, shule baadaye: hilo ndilo jambo tunalotaka tuliangalie vizuri.

WATU WA MTAA HUO

Mtaa wenyewe uko upande wa kusini wa Williamsburg, chini ya daraja kubwa la chuma linalovuka mto kwenda Manhattan. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1903. Wakazi wanaosema Kihispania huuita mtaa wao Los Sures, yaani kule kusini.

Wengi wao walitoka Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi ambacho Marekani ilikichukua kutoka kwa Uhispania mwaka 1898. Tangu mwaka 1917 watu wa kisiwa hicho ni raia wa Marekani. Kwa hiyo Mpuerto Rico akienda New York hahitaji pasipoti wala kibali cha kazi. Lakini raia wa karatasi ni kitu kimoja, na kukubaliwa ni kitu kingine. Lugha yao ilikuwa nyingine, rangi yao ilikuwa nyingine, nao walihesabiwa kuwa wageni katika nchi iliyosema ni yao.

Walifika kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kutafuta kazi za viwandani. Baadaye wakaja watu wa Jamhuri ya Dominika, na hao walikuwa wahamiaji hasa. Sasa, mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vingi vya New York vilifungwa au vilihamia mahali pengine. Wenye majumba waliacha kuyatengeneza, na mengine yakachomwa moto. Mwaka 1975 serikali ya mji ilikaribia kufilisika kabisa, ikapunguza walimu, polisi na wazima moto. Dawa za kulevya zikaingia, magenge yakaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wengi wa mtaa huo waliuawa barabarani, wengi wao na vijana wenzao.

Na shule je? Shule zilikuwako. Lakini shule za sekondari za mji zilikuwa kubwa mno, nyingine zikiwa na wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Mtoto angeweza kukosa wiki nzima bila mtu kujua jina lake. Watoto wengi waliingia wakisema Kihispania tu, wakafundishwa kwa Kiingereza tu, kisha wakaambiwa ni wajinga. Wazazi walipigania jambo hili mahakamani wakisaidiwa na shirika la Wapuerto Rico liitwalo Aspira. Mwaka 1974 bodi ya elimu ya mji ilikubali kwa mapatano ya mahakama kwamba watoto wasiojua Kiingereza wafundishwe pia kwa Kihispania huku wakijifunza Kiingereza. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Hata hivyo, vijana wengi waliendelea kuacha shule kabla ya kumaliza.

KIKUNDI KINAANZA

Mwaka 1982 Luis Garden Acosta alianzisha El Puente pamoja na watu wengine wa mtaa. Alikuwa amepata mafunzo yake ya uongozi katika Young Lords, chama cha vijana wa Kipuerto Rico ambacho mwaka 1969 kilifagia takataka za mitaa ya New York na kuzirundika katikati ya barabara, hadi wenye mji wakalazimika kuja kuzizoa. Mmoja wa wenzake katika El Puente alikuwa Frances Lucerna, mcheza dansi na mwalimu.

Walipata makao katika jengo lililokuwa zamani kanisa Katoliki. Humo wakaweka chini ya paa moja mambo ambayo kwa kawaida hutawanywa katika ofisi nyingi: afya, masomo ya ziada, ushauri, dansi, uchoraji, maigizo, na mikutano ya wazazi. Kijana aliyekuja kucheza dansi alikutana hapo na mtu wa kumpima afya. Mama aliyemfuata mwanawe alikuta darasa la Kiingereza.

Jambo moja tunaomba mlishike. Watu waliofika hapo hawakuitwa wateja wala wahitaji. Waliitwa wanachama. Mwanachama ana haki, na pia ana wajibu. Ukisaidiwa leo, kesho unamsaidia mwingine. Katika kanuni walizojiwekea iko ile ya kujisaidia kwa pamoja. Vikundi vyetu vinalijua jambo hilo kwa jina la harambee, na hakuna haja ya kulieleza zaidi.

VIJANA WANACHUNGUZA TAKA

Karibu na nyumba zao palikuwa na ghala la kampuni ya Radiac, lililohifadhi taka za sumu na taka zenye miale ya nyuklia zilizotoka hospitali na maabara. Shule ya msingi haikuwa mbali na hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, vijana waliokuwa wakisoma sayansi pale El Puente walianza kuuliza: ndani ya ghala hili mna nini? Moto ukitokea, sisi tutakimbilia wapi?

Wakaunda kikundi chao, wakajiita Toxic Avengers, yaani walipiza kisasi cha sumu, jina walilolichukua kutoka filamu ya vichekesho. Walitafuta karatasi za serikali, wakazisoma, wakawaeleza majirani kwa Kihispania na kwa Kiingereza, wakafanya maandamano. Je, ghala lilifungwa? Hapana. Kwa miaka mingi baadaye liliendelea na kazi. Lakini kilitokea kitu kingine. Vijana walewale walioambiwa shuleni kwamba hawawezi sayansi, walikuwa wanasimama mbele ya wakubwa wa mji na kuzungumza habari za kemikali, na wakubwa walilazimika kusikiliza.

Watu wa El Puente wakaona wazi: vijana hawa hawakukosa akili, walikosa sababu ya kusoma. Walipopewa jambo la maana, walisoma mpaka usiku.

SHULE INAFUNGULIWA

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulianza New York mpango wa kufungua shule ndogo za umma, ulioitwa New Visions. Katika mpango huo mashirika ya mitaani yaliruhusiwa kutoa mapendekezo yao. El Puente ikapeleka lake. Mwaka 1993 shule ikafunguliwa kwa jina la El Puente Academy for Peace and Justice, yaani shule ya El Puente ya amani na haki. Frances Lucerna akawa mwalimu mkuu wa kwanza.

Hapa inafaa tueleze mpango wenyewe, maana vikundi huuliza sana jambo hili. Shule ilikuwa ya umma. Mishahara ya walimu ililipwa na serikali ya mji, na wazazi hawakulipa karo. Kikundi kwa upande wake kilileta vitu ambavyo serikali haikuwa navyo: imani ya wazazi, wasanii, washauri, shughuli za jioni, na miaka 11 ya kuijua kila nyumba. Mapatano ya namna hii yana raha na karaha. Serikali ikitoa fedha, hutoa pia masharti: mitihani, ukaguzi, fomu. El Puente haikuepuka masharti hayo. Lakini iliingia katika mapatano ikiwa na nguvu zake yenyewe, haikuingia mikono mitupu kama mwombaji.

Walimu waliitwa wawezeshaji. Shule ilikuwa ndogo, na kila mwanafunzi alijulikana kwa jina. Kengele ya mwisho ikilia, watoto hawakufukuzwa nje. Masomo yaliisha, shughuli za jioni zikaanza.

Katika mwaka wa kwanza swali kuu la masomo lilikuwa: mimi ni nani? Mwaka wa pili: sisi ni nani? Mafundisho hayo waliyaita Sankofa, neno la Waakan wa Ghana lenye maana ya kurudi nyuma kuchukua kilichosahauliwa. Mtoto wa Kipuerto Rico ana damu ya Afrika, ya Uhispania na ya Wataino, wenyeji wa kwanza wa kisiwa. Akifundishwa kwamba historia ilianza na Waingereza waliofika Amerika, atajiona hana kwao. Wengine mtasema hayo ni mambo ya siasa. Sisi twaona ni mambo ya kawaida ya malezi. Mtoto asiyejua alikotoka ni rahisi kuchukuliwa na genge, kwa sababu genge humpa jina.

SOMO LA SUKARI

Mfano mmoja unaonyesha vizuri walivyofundisha. Kando ya mto, kwa mwendo wa miguu kutoka shuleni, palikuwa na kiwanda cha sukari cha Domino, kimoja kati ya viwanda vikubwa vya kusafisha sukari katika historia ya Marekani. Majengo yake makuu yalijengwa katika miaka ya 1880. Kila mtoto alikuwa amekiona kiwanda hicho tangu kuzaliwa, wala hakukifikiria.

Basi shule ikaamua kusoma sukari. Katika historia walifuata miwa: jinsi ilivyopelekwa Karibi na Wazungu, na jinsi mamilioni ya Waafrika walivyopelekwa utumwani katika bara la Amerika, wengi wao kuifanyia kazi. Katika sayansi waliangalia sukari inavyofanya ndani ya mwili, kwa kuwa ugonjwa wa sukari ulikuwa umejaa katika nyumba zao. Kisha wakayageuza yote kuwa maonyesho ya dansi, ngoma na maigizo.

Tazameni walichofanya. Walichukua kitu kilicho mezani kila asubuhi, wakakitumia kufungua historia, sayansi na sanaa kwa pamoja. Kwa njia hiyo babu aliyefanya kazi kiwandani au aliyekata miwa kisiwani alikuwa na jambo la kumweleza mjukuu wake, na maneno yake yalikuwa somo. Mzazi asiyejua kusoma akawa na nafasi yake shuleni. Mara ngapi mzazi wa namna hiyo huitwa shuleni kwa mambo mawili tu, deni la karo au utundu wa mtoto?

JIRANI TUSIYEPATANA NAYE

Wakati huohuo palikuwa na jambo lingine zito. Williamsburg ina jamii nyingine kubwa, Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi, watu washika dini sana, wengi wao wakiwa ni uzao wa walionusurika katika mauaji ya Wayahudi huko Ulaya. Jamii hizi mbili zilikuwa zimegombana kwa miaka mingi juu ya nyumba za serikali: nani apewe, nani anyimwe. Zilipelekana mahakamani. Vijana wa pande zote mbili walikuwa wakipigana.

Serikali ya mji nayo ilitaka kujenga tanuri kubwa la kuchomea takataka hapo karibu, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la wanamaji. Bomba lake la moshi lingekuwa refu kama jumba la ghorofa 55. Moshi haujui nani ni Myahudi na nani ni Mpuerto Rico. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa El Puente na viongozi wa Wahasidi walikaa meza moja, wakaunda muungano, na watu wao wakaandamana pamoja, jambo ambalo hakuna aliyetegemea kuliona. Katikati ya miaka ya 1990 mpango wa tanuri ulikufa.

Hawakuwa marafiki wa kila jambo. Ugomvi wa nyumba haukwisha. Walichokubaliana ni hiki: tutagombana kwa lile, lakini kwa hili tuko pamoja. Vikundi vyetu vinavyoishi na majirani wa kabila au dini nyingine vinaweza kuanzia hapo, kwa jambo moja linalowaumiza wote.

Hewa mbaya ya mtaa ililetea watu pumu pia. El Puente iliwafundisha wakazi wenyewe, hasa akina mama, kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani anaugua. Waligundua kwamba Wapuerto Rico waliugua pumu zaidi kuliko Wadominika, ingawa walikaa katika mtaa mmoja. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitaalamu la afya ya jamii la Marekani. Kazi iliyoanza kwa akina mama kugonga milango ilisomwa na madaktari.

USHINDI NA GHARAMA YAKE

Tungeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini kuna sehemu chungu, na kikundi kinachotaka kujifunza lazima kiisikie.

Mtaa ulipokuwa na amani na usafi zaidi, matajiri nao waliuona. Kutoka hapo kwenda katikati ya Manhattan ni safari fupi ya treni. Mwaka 2004 kiwanda cha Domino kilifunga kazi ya kusafisha sukari. Mwaka 2005 serikali ya mji ilibadilisha sheria za matumizi ya ardhi, na majumba marefu ya kifahari yakaruhusiwa kando ya mto, mahali palipokuwa na viwanda. Kodi za nyumba zikapanda vibaya. Familia nyingi za Los Sures, zilizokaa hapo tangu siku za majumba kuchomwa moto, zilishindwa kulipa zikahama. Waliopigana kuufanya mtaa uwe mahali pa kuishi wakakuta wao wenyewe hawawezi kuishi hapo.

Hii ilikuwa hatari kwa shule pia. Shule inayosimama juu ya jamii hutikisika jamii ikihamishwa. El Puente iligeuka ikaanza kupigania makazi, kuwaeleza wapangaji haki zao na kudai nyumba za bei nafuu. Wengine waliokolewa, wengine hawakuokolewa. Luis Garden Acosta aliendelea na kazi ya mtaa huo kwa miaka mingi, akafariki Januari 2019.

Waliokuwa na usalama zaidi ni wale waliokuwa wameshika nyumba zao kwa haki ya kudumu, kwa mfano wale ambao miaka ya 1970 na 1980 walitengeneza majumba yaliyoachwa, wakayamiliki kwa ushirika. Mkumbuke hayo kikundi chenu kinapojenga kwenye kiwanja ambacho hati yake hamjaiona.

TUNACHUKUA NINI?

Hatusemi kwamba kila kijiji kijenge shule ya namna hii. Mtaa wa Brooklyn na kijiji chetu ni vitu viwili. Pia shule ndogo yenye upendo haiondoi umaskini peke yake, na wao wenyewe hawakudai hivyo. Lakini njia waliyopita inaonyesha mambo matatu.

Kwanza, walijuana kabla ya kujenga. Kwa miaka 11 walitibu, walicheza, walifundishana na kuandamana. Shule ilipofunguliwa ilikuta watu wanaoaminiana.

Pili, masomo yalitoka pia mtaani, katika taka, sukari na moshi. Hata shule inayofuata silabasi ya serikali ina nafasi ya kumleta mzee mmoja darasani, au kuwapeleka watoto kupima maji ya kisima wanachokunywa.

Tatu, walijifunza kwamba jamii inaweza kushinda shule na kupoteza ardhi. Yote mawili yalindwe pamoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika shule iliyo karibu nasi, wazazi huitwa kwa mambo gani? Ni lini mzazi aliitwa kufundisha jambo analolijua?

2. Ni watoto gani wa hapa kwetu wanaohesabiwa kuwa wageni, kwa lugha, kabila au kwa kuwa walihamia juzi? Shuleni wanaitwaje na wenzao?

3. Ni shida gani moja inayotuumiza sisi na jirani tusiyepatana naye? Nani anaweza kwenda kumwona kwanza?

4. Hati ya kiwanja cha shule yetu, cha zahanati yetu au cha mradi wetu iko kwa nani? Ni nani kati yetu aliyeisoma?

Swali la nne msiliache bila kumchagua mtu wa kulifuatilia. Mpeni tarehe ya kuleta jibu.